Pua ya Kuazima

Linnea alipiga simu wiki moja kabla ya Sikukuu ya Shukrani, akasema anakuja. Binti yangu huyo nilikuwa sijamwona kwa miaka tisa. Anakuja na mtoto wake, Odette, wa miaka mitano, ambaye mimi nilimjua kwa picha mbili tu. Watafika Jumapili, watalala usiku mmoja. Halafu akaweka sharti.

"Baba, nakwambia mapema tusije tukagombana mlangoni. Nikifika hapo nikasikia ile harufu, nageuza gari. Sigombi, sipigi kelele, nageuza tu. Mwanangu hatarudi shule ananuka kama nilivyokuwa nanuka mimi."

"Haitakuwepo," nikasema.

"Ulisema hivyohivyo nilipokuwa darasa la tisa."

Darasa la tisa wenzake walimwita Kicheche, kwa jina la yule mnyama anayenuka. Kwenye basi la shule walikuwa wanaziba pua akipanda, na yeye alikuwa anaficha sweta lake kwenye mfuko wa plastiki nyuma ya kibanda cha kuni ili lisikae ndani ya nyumba. Nilikuja kujua hayo miaka mingi baadaye, alipokwisha kuondoka na begi moja. Alikuwa na miaka kumi na saba. Mama yake alikuwa ameshatuacha zamani, kwa hiyo hakuwa na mtu wa kumlalamikia isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa na kazi.

Kazi yenyewe ni bangi. Naitwa Gordie Haddow, na nimeilima katika Bonde la Slocan, huku Kanada, tangu enzi za helikopta za polisi. Siku hizi sheria inaruhusu miche minne kwa kila nyumba, na mimi ninayo minne, katika chumba cha nyuma kilichokuwa stoo ya chakula. Minne! Mtu aliyewahi kuwa na mia nne katika handaki chini ya ardhi. Ni kama kumnyang'anya dereva lori lake ukampa baiskeli ya mtoto.

Wiki hiyo miche ilikuwa katika wiki ya saba ya maua, wakati inaponuka kuliko wakati mwingine wowote. Utaniuliza, si ungeikata tu? Nilifikiria. Nilishika mkasi kabisa. Lakini nina miaka sitini na minane, naishi peke yangu, na hiyo miche ndiyo kitu pekee hapa nyumbani kinachonihitaji asubuhi. Bila hiyo sijui ningeamkia nini. Nikaurudisha mkasi kwenye droo, nikajiambia: wewe ni fundi, shughulika na hewa.

Jumatatu nikaenda mjini Nelson. Siku hizi vifaa hivi vinauzwa dukani mchana kweupe, na muuzaji, mwanamke wa rika la binti yangu, akanieleza polepole kwamba bangi ina harufu kali. Nikamshukuru kwa elimu. Nikanunua feni mbili, bomba laini la bati, na kichujio cha mkaa. Kichujio ni kama pipa jembamba la bati lenye matundu, ndani limeshindiliwa punje za mkaa. Hewa yenye harufu inapita humo, harufu inabaki kwenye mkaa, hewa inatoka safi.

Nikafanya kazi siku mbili. Kichujio nikakining'iniza kwa minyororo juu kabisa karibu na dari, kwa kuwa hewa ya moto hupanda. Nyuma yake nikafunga feni ndogo ya kuvuta, kisha bomba, kisha tundu la ukutani kwenda nje. Bomba nikalinyoosha, maana kila kona inaila nguvu ya feni. Kila kiungo nikakizungushia tepu. Mlangoni mwa chumba hicho nikaning'iniza karatasi nene ya plastiki. Mwisho, chini karibu na sakafu, nikaweka feni ya pili, kubwa zaidi, ya kusukuma hewa safi iingie, kama nilivyofanya maisha yangu yote.

Alhamisi nikasimama ukumbini nikavuta pumzi. Sikusikia chochote. Nikafurahi kama dakika moja hivi, kisha nikakumbuka pua yangu ni pua ya nani.

Miaka arobaini! Muuza samaki hasikii shombo. Hata ningeingiza kichwa chote katikati ya yale maua nisingesikia kitu. Nilihitaji pua ya mtu mwingine.

Basi nikakaa mezani nikaanza kuwahesabu watu ninaoweza kuwaita ndani ya nyumba yangu. Sikumpata hata mmoja.

Lazima niseme kwa nini, usije ukadhani mimi ni mtu mbaya. Sisi wakulima wa zamani wa bonde hili tulikuwa na desturi moja: mgeni haingii. Ukisikia gari, unatoka, unafunga mlango nyuma yako, unamlaki getini. Mnaongea hapohapo, hata kama theluji inaanguka. Harusi zilipangwa getini, misiba ilitangazwa getini. Hakuna aliyekasirika, kwa sababu na wewe ukienda kwake mambo ni yaleyale. Sheria ilipobadilika watu wengine wakafungua milango. Mimi sikujua nianzie wapi. Marafiki niliokuwa nao walikufa tukiwa bado getini.

Mficha uchi hazai. Ijumaa asubuhi nikaenda kwenye uzio kumwita Polya Strelaeff.

Polya ni jirani yangu, mjane wa miaka sabini na minne, wa ukoo wa wale Warusi waliohamia huku zamani kwa ajili ya imani yao, wasiokula nyama wala kushika bunduki. Kila vuli hunipitishia sufuria ya supu yake ya kabichi juu ya uzio. Mimi huirudisha sufuria imeoshwa, juu ya uzio.

"Polya, nina ombi."

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nataka uingie ndani kwangu."

Akaweka ndoo chini. "Gordie, miaka ishirini na mbili nakulisha juu ya uzio kama mfungwa. Leo unanikaribisha ndani? Unaumwa?"

"Siumwi. Linnea anakuja Jumapili. Nataka uninusie nyumba."

"Ninuse nini?"

"Si unajua."

"Najua. Bonde zima linajua. Hata ng'ombe wangu wanajua." Akajifuta mikono kwenye aproni. "Haya twende, kabla hujabadilisha mawazo."

Akavua viatu mlangoni, jambo lililoniaibisha, maana sakafu yangu haikustahili heshima hiyo. Jikoni akanusa, akatikisa kichwa. Ukumbini hakumaliza hatua tatu.

"Mama wee! Gordie! Macho yananiwasha!"

"Mbona mimi sisikii kitu?"

"Nyani haoni kundule. Huyo binti yako hafiki hata kwenye ngazi."

Maji yakanifika shingoni. Nikachana kipande cha karatasi ya chooni, nikakishika kwenye upenyo chini ya mlango wa kile chumba. Kilitakiwa kivutwe ndani. Badala yake kikapepea kunielekea mimi. Nikainua macho, nikaiona ile plastiki ya mlangoni imevimba kuja nje kama tumbo.

Hapo nikalielewa kosa langu, nikatamani ardhi ipasuke. Zamani, chini ya ardhi, taa arobaini zilikuwa zinatoa joto la kupika mizizi, kwa hiyo tulisukuma hewa iingie kwa nguvu zote. Ikivuja, inavuja udongoni, na minyoo haiendi kushtaki. Lakini hiki ni chumba cha nyumba. Feni yangu kubwa ilikuwa inasukuma ndani hewa nyingi kuliko ile ndogo inavyoweza kuvuta, na hewa iliyozidi ilikuwa inatafuta kila ufa wa kutokea, bila hata kukikaribia kichujio. Chumba hutakiwa kivute, si kipulize. Nilikuwa nimelima kwa kujificha muda mrefu hivi kwamba sikujua kulima nyumbani.

"Miaka mingapi kwenye hii kazi?" Polya akauliza.

"Usianze."

"Sijaanza. Nauliza tu idadi."

Nikaing'oa feni ya chini, nikaacha tundu tupu la hewa kuingilia. Papo hapo plastiki ikanywea, ikabonyea kwenda ndani kama mashavu ya mtu anayemung'unya peremende. Kipande cha karatasi nacho kikanyonywa chini ya mlango kikapotea.

Ilibidi tungoje saa nzima nyumba ijisafishe. Nikampikia chai. Nilikuwa na kikombe kimoja kizima, nikampa yeye, mimi nikanywea kwenye jagi la kupimia unga. Akaongea kuhusu bei ya nyasi za ng'ombe na goti lake. Mimi nilisikiliza kila neno kama redio ya vita. Sikukumbuka mara ya mwisho sauti ya mtu mwingine kusikika katika jiko lile. Kisha akainuka, akapita chumba kwa chumba, akanusa mpaka mapazia.

"Nyumba ni safi," akasema. "Hamna kitu kabisa."

Akavaa viatu akaenda zake. Nyumba ikawa kimya kuliko ilivyokuwa kabla hajaja, na usiku huo nilikaa jikoni na taa ikiwaka bila sababu. Nilikuwa mpweke. Miaka yote nilikuwa naliita jambo hilo tahadhari.

Jumapili saa nane mchana gari likaingia. Kwa mara ya kwanza maishani sikwenda kulilaki getini. Nilisimama mlangoni, mlango wazi, nimeoga, nimevaa shati safi, mikono sijui niiweke wapi.

Linnea alimwacha mtoto garini. Amekuwa mtu mzima, ana mvi mbili tatu juu ya sikio ingawa hajafika thelathini. Hakunisalimu kwanza, akanipita. Nilisikia hatua zake jikoni, kisha ukumbini, kisha kwenye chumba chake cha zamani. Alisimama muda mrefu mbele ya mlango wa kile chumba cha nyuma. Aliporudi uso wake ulikuwa umelegea.

"Hakuna," akasema. "Baba, kweli hakuna!"

"Nilikwambia."

Akacheka, akanikumbatia. Miaka tisa. Nikafumba macho. Kisha nikausikia mgongo wake unakakamaa chini ya mikono yangu. Akajitoa taratibu, akarudi hatua moja, mkono puani.

"Ni wewe," akasema.

"Nimeoga."

"Iko kwenye ndevu. Iko kwenye shati."

"Limetoka kabatini sasa hivi."

"Basi na kabati." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Ni wewe, Baba."

Chumba nimekichuja, mwenyewe sikujichuja. Wala hakuna duka mjini Nelson linalouza kichujio cha mtu. Nikamwona anaangalia gari, funguo mkononi.

"Tule nje," nikasema haraka. "Chakula kiko tayari. Tutaweka meza uani, na mimi nitakaa kule upande upepo unakoelekea. Hewa naijua, Linnea. Haitawafikia."

Akatazama uani. "Kuna baridi."

"Mtavaa makoti."

Akakubali, kwa kichwa tu, lakini funguo hakuzirudisha mfukoni. Nikaitoa meza mwenyewe. Nikatoa bata mzinga, viazi vya kuponda, mchuzi, na supu ya Polya. Kisha nikalowesha kidole nikakiinua juu. Upepo ulikuwa unatoka ziwani kwenda mlimani, mwepesi, wa moja kwa moja. Meza yao nikaiweka karibu na ngazi. Mimi nikachukua sahani yangu nikaenda kukaa juu ya gogo la kupasulia kuni, hatua kumi na tano kutoka kwao, upande wa mlimani.

Odette akashushwa garini amevaa sweta jekundu. Akanipungia mkono, nami nikampungia. Akapewa sahani yake. Nilimsikia vizuri, maana upepo uleule uliniletea sauti zao.

"Mama, mbona Babu umemweka kule?"

"Kwa sababu ya upepo."

"Upepo unamfanya nini?"

Linnea akamsogezea kijiko. Mtoto akala viazi vijiko viwili, akaniangalia. Akala kingine, akaniangalia tena. Kisha akateremka kitini, akashika sahani yake kwa mikono miwili, akaanza kuja huku anaikodolea macho isimwagike.

"Rudi mezani," nikamwambia. "Huku kuna baridi."

"Hata kule kuna baridi."

Akakaa kwenye gogo, akajibana ubavuni mwangu, sweta lote likiegemea koti langu, kichwa chini ya ndevu zangu. Mimi nikainua mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi, mimi ambaye sikuwahi kukamatwa. Sikuthubutu kumgusa. Nikamtazama mama yake.

Linnea alikuwa amesimama, funguo ngumini. Alifungua mdomo kumwita. Nilingoja aite. Akabaki akilitazama lile sweta jekundu. Kisha akaziweka funguo mezani kando ya mchuzi, akachukua kisu, na kwa sauti ya kutufikia kule tulipokuwa akauliza ni nani kati yetu anataka paja.