Nafasi Kwenye Benchi

Mwalimu Evaline alihamishiwa kijiji cha Heru Juu kutoka Singida, na upweke ukamtumbukiza kwenye pombe. Alinywea chumbani ili wanafunzi wasimwone. Aliyejua siri yake ni Brighton, kijana wa bodaboda aliyemletea chupa kutoka mjini Kasulu.

Jumamosi moja alipomtuma tena, Brighton hakuwasha pikipiki.

"Mwalimu, samahani, siwezi tena. Mimi mwenyewe nilikuwa mlevi, nikaacha. Tuna kikundi chetu, tunakutana leo nyuma ya kanisa pale mjini. Panda nikupeleke."

Evaline alimfokea, akabamiza mlango. Alipoufungua baadaye, Brighton alikuwa bado anamsubiri. Akapanda pikipiki.

Kikundini walikuwepo wanawake kwa wanaume, wakinywa chai ya tangawizi. Mmoja wao alikuwa Generosa, mama wa mwanafunzi wake. Evaline alitamani ardhi ipasuke immeze. Akageuka aondoke.

"Usiende, Mwalimu," alisema Generosa, akisogea kumpisha kwenye benchi. "Sote hapa tuliingia na aibu hiyohiyo."

Aliketi. Zamu yake ilipofika alitaja jina tu, machozi yakamzidi. Hakuna aliyemharakisha. Generosa alimshika mkono mpaka akatulia, ndipo Evaline akasema, "Nakunywa, na kuacha peke yangu nimeshindwa."

Wakati wa kurudi kifua chake kilikuwa chepesi. Alijua kiu itamsumbua tena, pengine jioni hiyohiyo, lakini sasa alikuwa na watu.

"Asante sana, mdogo wangu," alimwambia Brighton. "Jumamosi ijayo unipitie mapema."