Baba Mkwe Ndani ya Bukta

Huku kwetu Iyula mwanaume mzima akionekana anakimbia asubuhi, ama ameiba, ama ameibiwa. Mimi nilikimbia kwa sababu ya tezi dume, na hilo lilionekana baya kuliko wizi.

Wanaume wa rika langu wote wanakojoa matone matone kama bomba bovu la kijiji, ila ukiwauliza wanasema ni mgongo. Mgongo! Makaburi yetu yamejaa wenye mgongo. Mimi nilipoambiwa nina saratani niliitangaza gulioni kwa sauti, kama nilivyotangaza kila kitu tangu enzi za chama cha ushirika. Watu wakainamia nyanya, kana kwamba zimewaita.

Hospitalini Mbeya wakanianzishia sindano za kukausha homoni za kiume. Sindano ile inaunyima ugonjwa chakula, na wewe mwenyewe inakunyima nguvu. Joto likawa linanipanda ghafla ibadani, najipepea na kitabu cha nyimbo, na akina mama wa benchi la nyuma, waliokwisha koma hedhi, wananong'ona, "Karibu chamani, baba Clever."

Daktari Erica, binti asiyezungusha maneno, akaniambia, "Mzee Ambakisye, mazoezi hayaondoi saratani. Lakini sindano inakula misuli na mifupa. Usipoitumia hiyo miguu, siku utateleza, nyonga itavunjika, utalala kitandani."

"Mimi ni mkulima, mama. Mazoezi ni ya watu wa ofisini."

"Siku hizi unalima au unalimiwa?"

Nikaangalia viganja vyangu. Sugu za jembe zilikuwa zimeisha.

Basi nikanunua bukta ya mtumba Tunduma. Nikawa natembea upesi mpaka njia panda, nakimbia kidogo kwenye mteremko, nikirudi nanyanyua ndoo za mchanga. Kahawa ilipoanza kuiva, nilikuwa napanda kilima bila kukaa kwenye jiwe kupumua.

Tatizo likawa Atupele, mke wa mwanangu Clever. Mila yetu inasema mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Wakikutana njiani, yeye ndiye anayejificha. Ilikuwa rahisi zamani nilipokuwa nakokota miguu na kukohoa kila hatua. Sasa nikawa nachomoza kwenye kona kama bodaboda isiyo na breki, mapaja nje, na Atupele na ndoo yake kichwani anarukia kwenye mibuni. Maji yote chini.

Wazee wa kanisa wakaniita. Ndiyo, wa kanisa! Mila ambayo babu zao walibatizwa ili waiache, wao leo ndio walinzi wake.

Mwenyekiti Ferdinand akafungua kikao. "Ndugu Ambakisye, baba mkwe ndani ya bukta ni baba mkwe uchi. Acha kukimbia, la sivyo utatengwa na meza ya Bwana."

"Kumbe Bwana anaogopa magoti yangu?"

"Usikufuru!"

"Ni sehemu ya matibabu, Ferdinand."

"Matibabu ni sindano. Wewe kwa hali hiyo unamkimbilia nani, umwonyeshe udume upi?"

Wakacheka. Mkate na kikombe cha meza ile nilishiriki na marehemu Tabita wangu mpaka juma alilofariki. Na miguu hii ndiyo kiungo pekee kilichokuwa bado kinanitii. Walitaka nichague kimoja.

Mama Loisi, mwanamke pekee barazani, akasema, "Mwenye kesi ni Atupele, na hamjamuuliza. Aitwe."

Atupele akaja. Akasimama akiutazama ukuta, mgongo kwangu, akazungumza na Loisi kama heshima inavyotaka.

"Mama, niulizie wazee. Mama mkwe ametangulia. Clever yuko Zambia na lori. Baba akivunjika nyonga, nani atamwogesha?"

Mzee mmoja akainamia viatu vyake.

"Mzee Ferdinand atakuja na beseni?"

Mtu akakohoa.

"Ni mimi. Nitamvua, nitamgeuza, nitamfuta. Siku hiyo mila itakuwa wapi? Mnamkataza asikimbie nisije nikaona magoti, halafu kesho nione vyote! Mwambieni baba akimbie. Akimbie sana. Ila apige kelele kabla ya kona, nimechoka kumwaga maji."

Wazee wakapekua Biblia, hawakupata mstari wa kumjibu. Ferdinand akajifuta paji la uso.

"Haya. Meza ya Bwana ni yako. Utakimbia na suruali ndefu, na kila kona upige kelele."

"Kelele gani?"

"Yoyote, alimradi isikike."

"Yoyote, mwenyekiti? Mbele ya mashahidi hawa?"

"Yoyote, bwana! Tusali."

Kesho yake nikavaa suruali. Kona ya kwanza iko nyumbani kwa Ferdinand. Nikavuta pumzi yote niliyokuwa nayo.

"Napitaaa! Mabati ya kanisa ya mwaka tisini na nane yameezeka banda la nguruwe!"

Nguruwe wakaamka wa kwanza. Kisha dirisha likafunguka, Ferdinand na mswaki mdomoni.

"Ambakisye! Piga kelele ya kawaida!"

"Mlisema yoyote!"

Mbele, Atupele alikuwa amesikia mapema. Alisogea pembeni bila haraka, akanipa mgongo, ndoo imejaa, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Nikampita mbio, nikaanza kukumbuka siri ya mwenye kona ya pili.