Mlango Uliomshika Hilaria

Tangu milango ya biashara ifunguliwe nchini, kila gari lililowachosha Wajapani limekuja kuzeekea Hanang, na mengi ya hayo yamepita mikononi mwa Shumbana, fundi umeme wa magari pale Katesh. Chuo hakukiona hata kwa dirisha. Alisomeshwa na shoti. Kila waya alioujua ulikuwa umeshamrusha mara moja, na alipenda kusema hakuna mwalimu mwenye haraka kama betri.

Bonaventura wa Gitting alileta lake wakati wa mavuno ya vitunguu saumu. Lilikuwa gari jeupe, refu, mlango wake wa nyuma ukipanda na kushuka wenyewe kwa kubonyeza rimoti. Aliuza ng'ombe sita akalinunua, na wazo lilikuwa la mkewe, Hilaria, mshona nguo aliyechoka kuona vitunguu vyao vikichipua ghalani vikisubiri lori la watu. Mama mzazi wa Bonaventura, Bibi Tekla, hakusamehe ng'ombe hata mmoja. Siku gari linaingia nyumbani alilizunguka kama anayekagua mtamba mgonjwa, kisha akasema mbele ya majirani, "Hilo litanibeba nikiwa maiti. Nikiwa na miguu yangu, hapana."

"Fundi, huu mlango ni mbishi," alisema Bonaventura. "Napakia magunia, nabonyeza, unashuka, ukifika chini unapiga kelele, unarudi juu. Nabonyeza tena, unarudi. Wateja wananicheka."

"Wakucheke tu. Mlango una adabu kukuzidi," Shumbana akamwambia. "Njoo uone."

Akapitisha kidole kwenye mpira mweusi uliozunguka ukingo wa mlango. Ndani ya mpira, alieleza, kuna nyaya mbili nyembamba zinazokwenda pamoja bila kugusana. Kitu kikiubonyeza mpira, nyaya zinagusana, na habari inafika kwenye kompyuta ndogo iliyofichwa nyuma ya ubao wa ndani. Kompyuta inaiambia mota: rudi.

"Sasa wewe unajaza magunia mpaka yanachungulia barabarani. Mpira ukigusa gunia, unadhani ni mtoto wa mtu."

"Sina mtoto kwenye gunia. Kata hizo nyaya."

"Nikikata tu, kompyuta itajua kuna maiti kwenye ukoo, itagoma kabisa. Hii inadanganywa."

Akang'oa rezista, kile kijidude cha kupunguza umeme, kwenye redio iliyokufa, akaiunga mahali pa mpira. Kompyuta ikaridhika: mpira mzima, hakuna kilichobanwa, amani tele. Mlango ukashuka juu ya magunia, ukayakandamiza, ukajifunga. Bonaventura akapiga makofi.

"Sikiliza vizuri," Shumbana akasema, na safari hii hakucheka. "Sasa ni kipofu asiyejua kwamba haoni. Mota ikielemewa sana huacha, lakini hiyo ni akili ya kuchelewa, itaujua mkono ikishafika mfupani. Na kwenye kufuli kuna kimota kingine cha kumalizia kazi. Hicho kinavuta tu, hakiulizi. Mwambie mkeo. Waambie wote wanaopakia."

"Nitawaambia."

Bibi Tekla alifariki mwezi wa saba, baridi ya mlima ikiwa imekaza. Gari la kumtoa mochwari Katesh na kumpandisha Gitting lilikuwa lile lile. Hakukuwa na jingine la kulitosha jeneza. Shumbana alikwenda kusaidia kubeba, kwa sababu msiba wa mteja ni msiba wako, na kwa sababu marehemu aliwahi kumwita mwizi mwenye bisibisi, jina alilolipenda.

Waliingiza jeneza. Ncha ya shuka la kufunikia ikabaki inaning'inia nje. Hilaria akainama kuirudisha ndani, vidole vyake vikiwa pale pale panapokaa kufuli. Mbele, Bonaventura alikuwa amesimama na simu sikioni, rimoti mkono wa pili, analia. Alibonyeza bila kugeuka.

Mlango ulishuka polepole, kwa heshima zote. Hilaria aliusikia umeshafika.

Ukelele wake uliwatoa nje hadi manesi. Bonaventura akabonyeza, akabonyeza tena. Mlango ukapiga kelele tatu, ukagoma. Kimota cha kufuli kilikuwa kimevuta mpaka katikati kikakwama na vidole ndani. Watu wakavuta, haukutoka. Ndipo mzee Akonaay, mdogo wa marehemu mume wa Bibi Tekla, aliposema neno ambalo nusu ya waliokuwepo walikuwa wanalifikiria.

"Amemshika. Alisema atapanda akiwa maiti, amepanda. Sasa anamshika aliyeuzisha ng'ombe wake."

Ilikuwepo njia moja. Ndani ya ubao wa mlango kuna kifuniko kidogo, nyuma yake kijiti cha kufungulia kwa mkono, na kati ya Shumbana na kijiti hicho kulikuwa na Bibi Tekla. Aliingia kwa mlango wa ubavuni, akapanda juu ya jeneza kwa tumbo, akajiburuta huku waombolezaji wakishika vichwa. "Nisamehe mama," alinong'ona, "mwizi wako anapita." Akavuta kijiti. Mlango ukaachia. Vidole viwili vya Hilaria vilibaki vinashikiliwa na ngozi.

Daktari alivimalizia siku ile ile. Vilikuwa vya mkono wa kulia, vile vinavyoongoza kitambaa chini ya sindano ya cherehani.

Mazishi yakasogezwa siku moja. Siku hiyo ya katikati Shumbana hakufungua kibanda. Alikaa mlangoni akijisemea kwamba watu wana akili, watajua ni mashine, na kwamba Bonaventura atasema. Kazi ya fundi ni jina lake. Fundi aliyekata vidole vya mke wa mteja ataletewa gari na nani? Jioni muuza chai alimuuliza mbona leo hana utani, akamlipa chai ambayo hakuinywa.

Gitting, kaburini nyuma ya nyumba, katekista alipomaliza sala watu walipanga mstari kutupa udongo. Hilaria alisogea, bandeji ikiwa imelowa. Akonaay akaweka fimbo mbele yake.

"Wewe hapana. Marehemu ameshakukataa. Ukitupa udongo wako utafungia balaa humu. Leo hii utarudi kwenu Dirma, na watoto watabaki. Wazee tukikaa tutajua la kufanya."

"Shikamoo mzee," Hilaria alisema. "Mimi nilikuwa namfunika."

"Ndiyo. Na yeye akakushika."

Hilaria akamgeukia mumewe. Bonaventura alikuwa anaangalia viatu vyake, kwa makini sana, kama mtu anayetafuta kuvinunua.

Shumbana aliona macho yale ya Bonaventura, akajikuta ameshavuka mstari.

"Mzee Akonaay, shikamoo. Aliyemshika ni mimi."

Akaeleza yote: mpira, nyaya mbili, kompyuta, rezista ya redio. Alieleza vibaya, akirukaruka, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umesema vizuri, kijana. Mashine imepofuka. Kipofu anaongozwa na mwenye macho. Magunia mangapi yamebebwa na gari hilo? Watu wangapi wamepakia? Kwa nini wamepona wote, ikachagua huyu, siku hii?"

Watu wakaguna kukubali. Gari lilikuwa limeegeshwa hatua chache tu, mlango wa nyuma wazi tangu jeneza litolewe. Shumbana akachukua hindi bichi shambani, akaliweka kwenye ukingo, akamwambia Bonaventura abonyeze. Mlango ukashuka, hindi likapasuka, maji meupe yakachuruzika kwenye bampa.

"Hindi halina mama mkwe," akasema Akonaay, na wengine wakacheka, kicheko kile cha msibani kisicho na meno.

"Haya." Shumbana alifungua mlango tena, akakunja mkono wa shati, akaweka vidole vyake pale vilipokuwa vya Hilaria. "Mimi si mkwe wa Bibi Tekla. Sijauza hata mkia wa ng'ombe wake. Kama ni yeye anayeshika, ataniacha. Bona, bonyeza."

Bonaventura hakubonyeza.

"Bonyeza, bwana, vidole vyangu vinapata baridi."

"Toa mkono, Shumbana."

"Unaogopa nini? Si ni marehemu?"

"Toa mkono!" Bonaventura akapiga kelele, rimoti ikamdondoka kwenye nyasi. "Itakukata! Si uliniambia mwenyewe haiujui mkono mpaka ifike mfupani!"

Akonaay alishusha fimbo taratibu, na kwa mara ya kwanza siku ile alionekana ni mzee tu, mwenye baridi kama wengine.

Hilaria alitembea hadi kwa mumewe. Hakupaza sauti.

"Alikwambia lini?"

"Wakati wa mavuno."

"Nimepakia vitunguu kwenye huo mlango tangu mavuno."

"Nilisahau, Hilaria. Halafu jana..."

"Jana hukusahau."

Alirudi kaburini. Hakuna aliyeweka fimbo. Aliinama, akachota udongo kwa mkono wa kushoto, akamtupia mama mkwe wake, akasimama pale kitambo kama wanaoongea wawili. Kisha akaingia ndani, akatoka na begi, na watoto wake wawili wamemfuata wamevaa masweta.

"Dirma naenda, baba mdogo," alimwambia Akonaay. "Lakini sasa naenda mwenyewe. Na watoto hawabaki."

Mzee alisogea pembeni, fimbo kwapani, akawapisha.

Bonaventura aliokota rimoti, akakimbia mbele yao, akabonyeza ili begi lipakiwe, awapeleke angalau hadi barabarani. Mlango wa nyuma ukapanda polepole, wote, mpaka juu. Hilaria alipita pembeni yake bila kugeuza shingo, begi kichwani, akilishikilia kwa mkono ule mzima.

Shumbana alibaki na bisibisi, akaanza kung'oa rezista. Hakuna aliyemwomba. Ikamponyoka, ikadondokea ndani ya ubao, mahali mkono haufiki.