Mlango wa Kibanda cha Gibson

Mkwe wangu, Mzee Obwocha, ni mkaidi. Nasema hivyo mapema ili msinionee huruma bure. Tangu niolewe Ikonge hatujawahi kushikana mikono, hajawahi kukanyaga ndani ya nyumba yangu, na jina langu, Bathsheba, halijawahi kutoka kinywani mwake. Ananiita Mama Bochaberi, kwa jina la binti yangu, tena akiwa ameangalia pembeni. Si chuki. Ndiyo chinsoni yetu sisi Wakisii, ile haya ya baba na mke wa mwanawe: hamgusani, hamtazamani machoni, na hata mbingu ianguke hamlali chini ya paa moja. Mimi nauza mitumba Nyakoe, nimezoea kugombana na wanaume wazima juu ya bei ya suruali, lakini mbele ya mzee huyo nilikuwa nafunga mdomo.

Sasa sikilizeni shida yangu. Mume wangu Gibson alikufa mwaka jana. Alikuwa mlinzi wa miche ya miti kule juu mlimani, akilala kwenye kibanda cha mabati, na radi ikampiga humo humo. Hata udongo wa kaburi haujakauka, ndugu yake mkubwa, Omosa, akaanza kulipima shamba langu la chai kwa macho. Ati mjane asiye na mtoto wa kiume, shamba lirudi kwa ukoo. Aliyesema hapana ni mzee peke yake. Jumapili ukoo ungekaa, naye atoe neno lake mbele ya wote, na neno la baba aliye hai hakuna mtoto wa kulivuka. Aliye hai, nasema. Akifa kabla ya Jumapili, mimi na Bochaberi wangu tumekwisha.

Basi siku chache kabla ya kikao mzee akasimama uani, akawa kama anaongea na mparachichi, nami niko nyuma yake. "Kabla sijamsemea mtoto wangu nataka kuona mahali alipofia."

Omosa alikataa kumpeleka. Wengine wote wakapata kazi ghafla. Watu wanakiogopa kile kibanda, wanasema wakata kuni wamesikia mtu akiwaita kwa majina. Nikasema nitampeleka mimi. Ningefanyaje? Mwenye shida ndiye hupanda mlima.

Tuliondoka Ijumaa asubuhi, maana yeye ni mzee wa kanisa la Wasabato na alitaka tuwe tumerudi kabla Sabato haijaingia, jua la Ijumaa likizama. Alitangulia na fimbo yake, mimi nyuma, mbali kidogo kama inavyotakiwa. Mwendo wake, jamani! Kila akipumzika mimi nami nasimama, nimebeba ndizi za kuchemsha na chai kwenye thamosi, nikiangalia mawingu yanavyojikusanya upande wa Sironga. Nikitaka kumwambia "Baba, harakisha," haya inanishika.

Tulifika alasiri imeshachoka. Kibanda chenyewe ni mabati manne na paa, sakafu ya udongo, mawe matatu ya kupikia, mlango wa mbao wa kufungwa kwa kipande cha mti. Upande mmoja bati limekuwa jeusi. Mzee hakuingia, hata hapo hakuingia, kwa sababu palikuwa pa mtoto wake aliyeoa. Aliweka kiganja kwenye lile bati jeusi akalia kwa sauti, kilio cha mwanaume mzee, na mimi nikageuka nikaangalia miti. Sikuwa nimemsikia akilia hata siku ya mazishi.

Kisha ikaja mvua. Mvua ya mawe, na ukungu nyuma yake. Tulipojaribu kushuka tukakuta njia imekatika pale kwenye bonde, udongo wote umeteremka na maji yanapita yakinguruma. Simu haikuwa na mtandao. Tukarudi kibandani, na kizaazaa chetu kikaanza.

"Baba, ingia ndani."

"Ingia wewe."

"Nikae ndani mimi, wewe unyeshewe? Nitawaambia nini watu?"

"Utawaambia nilikuwa na haya."

"Basi ingia wewe, mimi nikae nje."

"Mwanamke anyeshewe, mimi niote moto? Mama Bochaberi, usinitukane. Ingia ufunge mlango."

Akaenda kuketi chini ya mkaratusi, pale ambapo hata mbuzi asingeketi. Mle ndani nilipata blanketi kuukuu la Gibson. Siwezi kumpa mkononi, kwa hiyo nililiweka chini nje ya mlango, nikarudi nyuma, akaja akaliokota akaenda nalo. Ndizi na chai vivyo hivyo. Nilikuwa nimekasirika. Haki ya Mungu, nani alitunga sheria hizi? Na alipozitunga, alikuwa amelowa?

Nikawasha moto wa kuni mbichi, nikafunga mlango kwa sababu upepo ulikuwa unauzima. Kila baada ya muda naita, "Baba?" Naye anajibu, "Niko." Hilo "niko" ndilo lililokuwa shamba langu, nyumba yangu, karo ya Bochaberi, yote. Nikawaza, akifa huku, Omosa hatasema ni baridi. Atasema Bathsheba alimpeleka mzee mlimani akammaliza, na kwetu neno mchawi si la mzaha. Watu wameunguzwa ndani ya nyumba zao kwa neno hilo.

"Baba?"

"Niko."

Mvua ikazidi. Juu ya bati ilikuwa inapiga mpaka sikusikia hata pumzi zangu. Nikaita, sikusikia kitu. Nikaita tena kwa nguvu, kimya.

Hapo ndipo mlango ulipobishwa.

"Bathsheba. Fungua."

Sauti ilikuwa ya mzee, kabisa. Lakini mzee hawezi kulitaja jina langu, na hawezi kuomba kuingia nilipo, heri afe. Tena mwajua, Gibson na baba yake walikuwa na sauti moja. Kwenye simu nilikuwa nawachanganya, namwambia mzee "sema mpenzi" halafu naitupa simu kwa aibu. Kwa hiyo nilijua nani amesimama pale nje. Nikahama, nikaketi nimeupa mlango mgongo, nikavuta leso kichwani, nikaanza Zaburi ya ishirini na tatu. Nilikwama kwenye bonde la uvuli wa mauti.

"Bathsheba. Fungua, kunanyesha."

Ilivyosema "kunanyesha", ilikuwa na lile lalamiko la Gibson akirudi kazini amelowa, anasubiri nimtafutie taulo. Woga ukanitoka, hasira ikaingia. Kumbe namwogopa nani? Mtu niliyemfulia soksi? Mtu aliyeniacha na Omosa, na deni la maneno ya watu, akajiendea zake bila hata kuaga? Nikasimama. Nilikuwa na maneno ya mwaka mzima. Nikakitoa kile kipande cha mti nikauvuta mlango kwa nguvu.

"Gibson, leo utanisikia!"

Hapakuwa na mtu. Nilimulika kwa simu, mvua tu. Kisha nikamulika chini. Mzee alikuwa amelala kizingitini, blanketi limebaki kule mtini, uso umekuwa wa majivu. Nikamwita, macho yakasogea kidogo, lakini mdomo ulikuwa umekaza kwa baridi, meno yameumana. Mdomo ule haukuwa umetamka jina la mtu.

Sikufikiria zaidi. Nilimshika chini ya makwapa, mimi, mke wa mwanawe, nikamburuta ndani. Nikamvua koti, nikamvua shati, nikamsugua kifua kwa leso yangu kavu, nikamsogeza motoni, na chai iliyobaki nikamnywesha kwa kifuniko cha thamosi. Nilikuwa nalia na kumgombeza. "Usife, mzee wewe. Ukifa leo nitakufufua nikuue." Alipoanza kutetemeka nilimshukuru Mungu. Alipopata nguvu ya kugeuka, kitu cha kwanza alichofanya ni kuangalia ukutani.

Asubuhi ukungu ulifunguka kidogo. Alikuwa ameshavaa, ameketi nje, amenipa mgongo.

"Baba, uliniita usiku?"

"Mimi? Kwa jina?" Aliudhika kabisa. "Nilimwona Gibson mlangoni, anabisha. Nikasema, huyu mtoto vipi, anabisha mlango wake mwenyewe? Nikainuka nikamuulize. Sikumbuki kama nilifika."

Maji bondeni yalikuwa yamepungua, tukavuka, yeye mbele mimi nyuma, hadi nyumbani.

Jumapili ukoo ulikaa. Mtu alikuwa ametuona tukishuka, na Omosa hakuwa na haja ya kuongelea chai. Alisimama akauliza swali moja tu.

"Baba, kwa mvua ile, mlilala wapi?"

Mzee huyu hadanganyi, hata ng'ombe wake akila mahindi ya jirani ndiye wa kwanza kwenda kusema. Nilimwomba Mungu amtie uongo kinywani. Mmoja tu. Kwamba alilala nje.

"Ndani," akasema mzee.

Watu walipiga kelele. Shangazi mmoja alifunika uso. Omosa akafungua mikono kama mtu aliyemaliza kesi. Ndani, na mke wa mwanawe! Neno la mzee wa namna hiyo lina uzito gani? Nilianza kutafuta kwa macho mahali Bochaberi alipo, niondoke naye.

Mzee aligonga fimbo chini. "Sikujiingiza. Nilikaribishwa na mwenye kibanda. Gibson alikuwa mlangoni, na ni yeye aliyetaka nifunguliwe. Kama kuna kosa, ni lake na langu. Mwenye shaka apande leo, alale kule, amuulize mwenyewe."

Omosa aliangalia mlima, ukungu ulikuwa umeanza kuushukia, akaketi.

"Na shamba ni la Mama Bochaberi," mzee akaendelea. "Gibson hajaniambia vinginevyo."

Imekwisha hivyo. Chai ni yangu, nachuma hadi leo. Mzee tukikutana njiani bado anaingia kwenye majani anipishe, na mimi bado naangalia chini.

Lakini usiku ikinyesha sifungi mlango kwa komeo. Narudishia tu. Bochaberi hulalamika kwamba baridi inaingia, namwambia avute blanketi. Nasikiliza. Mume wangu aliniita kwenye mvua nikampa mgongo, na nilipokwenda kumfungulia alikuwa ameshaniachia baba yake. Sijaitwa tena. Na yale niliyotaka kumwambia, mabaya na mazuri, bado ninayo yote.