Simu ya Mama Mkwe Ilikuwa Kijani

Mdomo wangu mimi Dorcas haujui kufungwa. Siku simu ya mume wangu Mutalemwa ilipogeuka nyekundu, nilimfukuza kabla wahudumu wa afya hawajafika kumchukua. Nilikuwa na mtoto mchanga, kitovu hata hakijadondoka, na ile homa ilikuwa imeshaanza kuua watu hapa Pasiansi. Ni homa ya kugusana. Ukimshika mgonjwa, au maiti yake, umeibeba.

Wakati huo sote tulishaambiwa tuweke ile programu kwenye simu. Simu mbili zikikaa karibu zinakumbukana, na mwenye moja akiugua, nyingine inageuka nyekundu. Usipokaribiana na mgonjwa, yako inabaki kijani. Sasa ya Mutalemwa ilikuwa imekaa usiku kucha na simu ya Suzana, fundi cherehani wa mtaa wa pili, mjane, ambaye tulikuwa tumemzika wiki ileile tukidhani ni malaria, mpaka majibu ya vipimo yalipotoka.

Usiku kucha, jamani! Mutalemwa aliapa kwamba hajawahi hata kuingia kwa huyo mama. Alisema umeme ulikatika, akaiacha simu kwenye kibanda cha Masele ichajiwe kwa sola. Nikamwambia nyoo, kamdanganye mwingine. Mficha maradhi kifo humuumbua, nikamwambia, na mengine nisiyoweza kuyarudia. Mama yake, Mama Kokulinda, alikuwa amekaa kwenye mkeka anamfunika mtoto. Nilidhani atamtetea mwanawe, lakini wala.

"Mwache aende," alisema. "Simu haisemi uongo."

Mama Kokulinda alikuwa ametoka Bukoba kuja kunikanda, maana mimi mama yangu alishafariki. Haki ya Mungu, nilipata mkwe. Kila asubuhi ananichemshia maji, anachovya kitambaa, ananikanda mgongo na tumbo mpaka nalia, kisha ananipa uji na kumwogesha mtoto. Mikono yake ilikuwa na nguvu ya mtu aliyelima migomba maisha yake yote. Alikuwa na simu kubwa aliyonunuliwa na binti yake wa Dar, na kama Mhaya yeyote aliyenunuliwa kitu, hakuacha kuionyesha. Akimaliza rozari anaifungua, anaitazama, ananigeuzia nami nione. Kijani. Basi nami moyo unatulia, nampa mtoto.

Lakini nilikuwa naogopa. Nilimpapasa mtoto kipaji cha uso hata akiwa amelala. Mutalemwa alipiga simu kutoka karantini huko Buhongwa, sikupokea. Niliona akirudi hai nitamuua mwenyewe.

Asubuhi moja mama akasema kichwa kinamuuma. Nikamwambia ni moshi wa kuni, apumzike. Akakataa, akabandika maji kama kawaida.

Ndipo Mayala, mhudumu wa afya wa mtaa wetu, akaja na barakoa yake akasimama nje ya geti. Alileta habari njema. Mutalemwa ni mzima na anarudi jioni. Wamegundua kwamba simu yake na ya Suzana zililala pamoja kwenye rafu moja pale kwa Masele, na nusu ya waliopelekwa karantini kutoka mtaani walikuwa na kesi hiyohiyo ya kuchaji. Nikaona aibu. Nikacheka, nikaitukana programu, nikamtukana Masele na sola yake.

Mayala hakucheka. Alisema wanaowatafuta sasa ni wanawake waliomwosha Suzana kule nyumbani kabla majibu hayajatoka. Wawili wamelazwa, na hali zao ni mbaya. Kabla hawajazidiwa walisema walikuwa na mwenzao wa tatu, mama mtu mzima, mgeni, alipita akasikia kilio akaingia kusaidia. Hawamjui jina. Wanachokumbuka ni kwamba alimwombea marehemu kwa Kihaya. Kwenye simu haonekani kabisa. Akaniuliza kama nimesikia lolote, nikasema sijasikia. Akaaga.

Nilikuwa nimeshageuka ndipo yale maneno yakaniingia. Suzana alikuwa mtu wa Kagera, Mhaya kama mama. Na siku ya msiba mama alichelewa kurudi kutoka sokoni, akasema alipita mahali kutoa pole.

Nilikwenda uani. Mama alikuwa amechuchumaa, mtoto yumo ndani ya beseni, kiganja chake kimemshika shingo.

"Mama," nikasema, "Suzana ulimwosha wewe?"

"Nilimwosha." Hakusita hata kidogo. "Mhaya mwenzangu, hana ndugu hapa. Ningempita?"

"Na simu yako ilikuwa wapi?"

"Niliiacha hapa. Nani anakwenda kuosha maiti na simu?" Akaniangalia usoni, na hapo akaanza kuogopa kwa sababu mimi nilikuwa naogopa. "Lakini Dorcas, naitazama kila siku. Ingekuwa nimeupata, si ingeniambia?"

Nikamwambia simu haimjui yeye. Inajua simu nyingine tu. Haikuona mikono yake, na kama aliiacha nyumbani itabaki kijani hata siku tukimzika.

Alitazama mikono yake. Mmoja ulikuwa chini ya shingo ya mwanangu, mwingine tumboni kwa mtoto, na maji yalikuwa yamemfika kifuani.

"Nimshike au nimwachie?" akauliza.

Nilipiga magoti nikapitisha mikono yangu chini ya yake, nikamtoa mtoto akiwa anachuruzika, nikamkumbatia. Hasira zangu zote ziliisha. Nilitaka kumlaani nikakuta nampenda, na nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo hata kwenye uchungu wa uzazi.

"Mwite yule kijana kabla hajafika mbali," mama alisema. "Na mwanangu asije hapa. Mwambie asije."

Nilikimbia hadi getini na mtoto wangu akilia kifuani. Mayala alikuwa amefika kwenye kona ya barabara. Nilimwita kwa nguvu zangu zote, majirani wakatoka nje, na alipoanza kunifuata nikamnyooshea mkono asimame palepale.

"Usisogee," nikamwambia. "Ita gari. Tuko watatu."