Mkanda wa Mama Mukamazimpaka

Mjinga wa siku ile nilikuwa mimi, tena nilijitahidi kuwa mjinga, spana mkononi, nikipiga mluzi.

Mama Mukamazimpaka alikuwa ametolewa rovu la shingoni wiki ileile. Nyuzi zilikuwa bado chini ya bandeji. Binti yake, Munezero, alikuwa Kibumba na watoto, na tangu alfajiri mizinga ilikuwa ikilia upande ule. Mimi nilikuwa na bisi, kibasi cha abiria. Ningeenda kuwachukua peke yangu, lakini Munezero hakunijua, na wakati wa vita hakuna mwenye akili anayepandisha watoto kwenye gari la mtu asiyemjua. Lazima amwone mama yake.

Nyuma nilikuwa nimeng'oa viti ili watu waenee. Ilibaki nafasi ya mbele tu, na pale kile kipande cha kwenye nguzo ya mlango, kinachopandisha na kushusha mkanda wa usalama, kilikuwa kimekwama juu kabisa. Mama ni mfupi. Mkanda ulimpita juu ya nyuzi barabara.

Nikatoa kingine kwenye bisi iliyokufa ya jirani. Nikabandua kifuniko cha plastiki, nikafungua bolti, nikafunga, huku ninamtania: "Mama, ungekula bugali mwingi utotoni, saa hii tungekuwa tumeshafika Kibati, nusu ya njia."

"Funga. Na kinywa pia."

Barabarani watu walikuwa wakishuka na magodoro na mbuzi, wote wakitoroka kutoka kule tulikotaka kwenda sisi. Nikakiweka kipande usawa wa bega lake, nikasema twende. Akaushika mkanda, akauvuta kwa nguvu. Kipande kikateleza mpaka chini. Nilikuwa nimekifunga kichwa chini, miguu juu, na mkanda sasa ulimlegea kiwikoni. Breki moja tu, shingo ingekuwa kwenye dashibodi.

"Umevuta kama unavuta ng'ombe, mama. Vuta polepole."

"Mashimo ya njia ya Kibumba yatavuta polepole?"

Mzinga ukalia tena, karibu zaidi. Nikawasha gari.

"Basi tuuache. Hapa Goma nani anafunga mkanda? Risasi zikianza, mutu anaruka, anakimbia. Vita haitatungojea, mama."

Akafungua mlango, akateremsha mguu mmoja chini.

"Célestin, nikifika kule damu inanitiririka shingoni, binti yangu ataona mutu amemuchinja mama yake, na sasa amekuja kuchukua watoto. Huyo mutu ni wewe. Fungua hiyo bolti."