Mapigo Kumi na Mawili kwa Kila Sanduku

Kila Jumatatu saa mbili asubuhi, kabla ya basi la saa tatu kuondoka, abiria walipanga foleni nyuma ya ofisi ya tiketi, mizigo miguuni, wakisubiri ipigwe. Palikuwa na meza ya mbao ngumu iliyotandikwa shuka jeupe, ndoo ya maji ya sabuni, na mwanamke mmoja mwenye rungu. Sanduku likiwekwa mezani alilipiga mapigo kumi na mawili. Kunguni wakidondoka, aliwafagilia ndooni kwa brashi, akabandika karatasi ya kijani, na mzigo ukapakiwa. Kampuni ilikuwa imejaribu dawa, ikajaribu jua, ikajaribu hata kuwasihi abiria wawe wasafi. Kunguni waliendelea kusafiri bila nauli.

Mapigo yaliwauma abiria. Hilo lilijulikana tangu wiki ya kwanza, na liliandikwa ukutani: ABIRIA ASHIKE BOMBA WAKATI MZIGO UNAPIGWA. Bomba lenyewe lilipita kwenye ukuta kwa urefu wa kifua, rangi imebanduka kwa kushikwa. Rungu likitua kwenye begi, mwenye begi alijikunja. Likitua tena, aliuma leso. Mwalimu mmoja mstaafu alivunjika ubavu kwa ajili ya kijibegi cha mkononi, akaomba radhi kwa kuchelewesha foleni. Watu walisema heri nusu shari kuliko shari kamili, maana aliyewahi kurudi nyumbani na kunguni anajua kwamba ubavu hupona, godoro haliponi.

Mpiga mizigo alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu. Hakuwa na roho mbaya. Alipiga kila mzigo sawasawa na hakusikiliza vilio, kwa sababu pigo la huruma huwaamsha kunguni bila kuwatoa. Msimamizi alisimama pembeni na filimbi, akihesabu. Pigo likiwa legevu alipuliza, na pigo hilo likarudiwa.

Katika foleni yote ile, mtu mmoja tu hakushika bomba. Alikuwa mchuuzi wa vitambaa, mume wa binti pekee wa mpiga mizigo, mwanamume nadhifu aliyeondoka kila Jumatatu na sanduku la kahawia na kurudi Ijumaa. Kunguni aliwajua kwa tabia na makazi. Aliwafundisha wenzake: ukifika gesti usiweke begi kitandani wala chini ya kitanda, liweke bafuni penye vigae, nguo zifunge kwenye mifuko ya nailoni, mishono ya godoro imulike kwa tochi kabla hujavua viatu. Sanduku lake likipigwa, aliendelea na somo bila kukatiza sentensi.

"Shikamoo mama," alisema kila mara akilipandisha mezani.

"Marahaba mwanangu. Jikaze."

"Niko imara, mama."

Na kweli alikuwa imara. Mama mkwe aliona fahari, akawaambia majirani kwamba binti yake amepata mwanamume wa chuma. Na kwa kuwa hakutaka mtu aseme anampendelea mkwewe, sanduku la kahawia alilipiga kwa nguvu kuliko mengine yote.

Binti ndiye aliyezoea kumtembelea mama yake, kila Jumapili. Jumatatu moja basi la mchana liliharibika likafutwa, mama akaruhusiwa kuondoka kazini mapema, akaona apitie kwa binti yake. Alimkuta amelala kifudifudi kwenye mkeka, taulo lenye maji mgongoni.

"Karibu mama," binti alisema. "Niwie radhi, mpaka alasiri huwa siwezi kusimama."

Mama alilivuta taulo. Palikuwa na alama kumi na mbili, pana kama rungu lilivyo. Kumi na moja zilielekea upande mmoja. Ya mwisho ilielekea upande wa pili, juu kidogo ya kiuno, kwa sababu asubuhi ile mkono wake wa kulia ulishikwa na ganzi akamalizia kwa wa kushoto. Chini ya hizo palikuwa na za wiki iliyopita, zimekuwa manjano, na chini yake nyingine zilizokwisha kuwa makovu.

Alitafuta kiti akakaa.

"Nguo za mumeo nani hupanga sandukuni?"

"Mimi, nani mwingine? Jumapili napiga pasi, Jumatatu alfajiri napanga."

Basi ikawa wazi. Pigo halikumwendea mwenye mzigo, lilimwendea aliyeupanga. Kwa vile watu wengi hujipangia wenyewe, hakuna aliyekuwa amegundua.

"Miaka miwili, mwanangu! Na hukuniambia?"

Binti aligeuza shingo polepole amtazame. "Nilidhani unajua, mama. Mkono wako naujua tangu nikiwa mdogo. Kila wiki nilikuwa najiuliza, mama ananiadhibu kwa kosa gani?"

Mama alilia, na hakulia kwa adabu. Jirani aligonga ukuta akauliza kuna msiba gani. "Hakuna msiba," binti alijibu, "ni mama tu amekuja."

"Mumeo anajua?"

"Anajua. Mwezi wa kwanza wa ndoa alipanga mwenyewe mara moja. Akarudi Ijumaa anatembea kwa kuegemea ukuta. Akasema kweli kila kazi ina wenyewe."

Ijumaa mama alimsubiri mkwewe sebuleni. Mchuuzi alimwamkia, akamwekea mto kwenye kiti, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, mimi natembea na mizigo begani kutwa. Nikiumia, nyumba hii itakula nini? Yeye yuko ndani, ana mahali pa kujilaza." Alisema kwa upole. "Na sijawahi kumnyanyulia mkono. Muulize mwenyewe."

Lilikuwa kweli tupu. Binti aliinamisha kichwa kukubali.

Mama akaenda kwa msimamizi. Msimamizi alisema kanuni inataka kila mzigo upigwe, haiulizi nani anaumia. Kama amechoka, yupo Nyundo. Nyundo alikuwa mpakiaji wa juu ya basi, na siku aliyojaribiwa kwa kazi ile alipasua meza kwa pigo la kwanza.

Jumatatu iliyofuata, alfajiri, mama alifika kwa binti yake, mchuuzi akiwa bado bafuni, akamsukuma binti kando, akapanga sanduku la kahawia kwa mikono yake: mashati, suruali, soksi, nguo za ndani. Akavuta zipu mwenyewe.

Saa mbili na dakika kumi likawa mezani. Pigo la kwanza lilimpata kati ya mabega, akashangaa tu kwamba ana nguvu kiasi kile. La tatu lilimpigisha magoti. La tano lilimng'oa jino. La saba lilikuwa legevu. Filimbi ikalia, akalirudia. Tangu hapo alishika ukingo wa meza kwa mkono mmoja na rungu kwa mwingine, damu ikimtoka puani na kudondokea shuka, na mtu wa nyuma kwenye foleni akauliza kama itachukua muda. Baada ya la kumi na mbili walidondoka kunguni wawili. Aliwafagilia ndooni akabandika karatasi.

Mchuuzi alifungua sanduku kuhakikisha hakuna aliyebaki, kama ilivyokuwa desturi yake. Akasimama hapohapo. Kola zilikunjwa vingine.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, macho yake yakitazama ardhi kwa heshima, "nguo hizi umezipanga wewe?"

"Mimi."

"Na za ndani?"

"Zote."

Foleni ikaguna. Mwanamke mwenye vikapu viwili alijishika mashavu. "Nguo za ndani za mkwewe! Jamani!" Mwalimu mstaafu alisema kwa masikitiko kwamba hapo mama amevuka mpaka, na msimamizi akatikisa kichwa. Mtu mmoja alimpa kitambaa cha kufutia damu, huku akimwambia ajitunzie heshima katika utu uzima wake.

"Nakuheshimu kama mama yangu mzazi," mchuuzi alisema, na machozi yalimlenga kwelikweli. "Aibu hii usinipe tena."

Jumatatu nyingine mama alikuta mlango wa binti yake umefungwa kwa ndani.

"Rudi mama," binti alisema akiwa nyuma ya mlango. "Amesema usiingie. Nimeshapanga."

"Nitaacha kazi, mwanangu. Leo hii."

"Usiache! Wewe angalau nimekuzoea. Huyo Nyundo simjui."

Mama alisimama pale mpaka kukapambazuka, kisha akaenda kazini. Sanduku la kahawia lilipofika alipokea shikamoo akaitikia. Alilishika rungu kwa mikono miwili. Msimamizi alikuwa na filimbi mdomoni. Akapiga la kwanza kwa nguvu zake zote, lisije likarudiwa.